Askari wa Nahumu Waliopewa Majina

Nahumu wa Mdandu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi saa pale Makambako, kibanda chake kikitazama barabara ya Njombe. Mkono ulikuwa mwepesi, mdomo mzito. Miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, saa za bei rahisi zilimwagika sokoni. Ikiharibika mtu anatupa, ananunua nyingine. Nahumu akawa anashinda na kibano mkononi, hana saa ya kufungua.

Jirani yake Bashiru, muuza mitumba aliyetokea Tanga, alifungua robota la nguo akakuta ndani boksi la mchezo wa vita: askari wadogo wa plastiki, dadu, na kitabu cha Kiingereza. Nahumu akakisoma mwezi mzima kwa kamusi. Ni vita vya miaka mingi ijayo, watu wanagombania nyota. Kuna kikosi ambacho wataalamu walibadili mbegu zao kabla hawajazaliwa, wawe na nguvu, wasisikie baridi wala woga. Lakini waliowatengeneza walikosea, damu yao inachoka upesi. Ikifika zamu ya tano, kila dadu ikirushwa mmoja wao anakufa hata kama hajapigwa. Kitabu chenyewe kinasema hawa hawaponi. Nahumu akachagua hao. Bashiru akachukua maadui zao, wakawa wanacheza mchana wateja wakikosekana.

Kosa lilianzia hapo. Askari walifanana wote, na majina ya kitabuni yalimshinda. Akabandika chini ya kila mmoja kikaratasi chenye jina la mtu wa usharika wetu. Aliyekufa alimfunga uzi mwekundu shingoni, asichanganyike na wazima.

Ijumaa moja mama Consolata, mke wa mzee wa kanisa Lameki, alipeleka saa ya ukutani. Akaona mezani kisanamu kimoja chenye uzi, akakigeuza, akasoma: Lameki. Na wiki hiyo mguu wa mzee Lameki ulikuwa umevimba, hauingii kiatu.

Jumamosi asubuhi tukaitwa kanisani wazee wote, nami nilikuwamo. Kesho yake lilikuwa lisomwe tangazo la tatu la ndoa ya Idda, binti wa Nahumu, na Rodrick wa Njombe. Mawili yalishasomwa. Baba akionekana mshirikina anatengwa, tangazo halisomwi, na wakwe wa Njombe wasingengoja kuambiwa mara mbili. Idda alikaa nje na mama yake. Tulimwona dirishani, amejifunika kitenge mpaka kichwani.

Mwinjilisti Anania alivipanga vile visanamu mezani. Mzee Lameki akamtazama Nahumu.

“Mdogo wangu, nimekukosea nini?”

Nahumu akaeleza habari za mchezo, lakini kadiri alivyotaja wataalamu waliobadili watu tumboni, ndivyo wazee walivyozidi kukunja uso. Anania akampa njia rahisi: akiri uganga, vichomwe, aombewe, yaishe leo. Nami moyoni nilimwomba Mungu akubali.

“Vichomeni, ni plastiki tu,” alisema Nahumu. “Lakini nikikiri uganga nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu, na uongo huo ndio nitakaomwozea mwanangu.”

Mzee mmoja akasema basi tangazo lifutwe. Anania akashika kalamu. Nahumu akaomba Bashiru aitwe. Wengine wakanung'unika, Mwislamu anatafuta nini kwenye baraza letu. Mzee Lameki mwenyewe akasema aje.

Bashiru alivua viatu mlangoni, akatusalimu kwa Kibena.

“Kamwene, wazee wangu. Tunacheza tangu mwezi wa tatu. Hajanishinda hata siku moja. Kama huu ni uganga, mganga huyu mtafutieni kazi nyingine.”

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Mzee Lameki hakucheka. Akauliza kwa nini jina lake apewe mtu wa kufa.

“Wote wanakufa, mzee,” Nahumu akajibu taratibu. “Lako nilimpa anayesimama mbele, anayewakinga wenzake. Mke wangu alipolazwa ulikuja kila siku. Sikuona mwingine wa kumweka pale.”

“Huyo ndiye anayenitesa,” Bashiru akadakia. “Jana nimemuua kwa taabu.”

Mzee Lameki alikichukua kile kisanamu. Akahangaika na uzi kwa kucha, muda mrefu, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ulipofunguka akamwambia Anania aweke kalamu chini. Ila majina yabanduliwe papo hapo, maana si wote wataelewa. Nahumu akayabandua yote mbele yetu kwa kibano chake, jasho likimtoka katika baridi ile ya Makambako.

Jumapili Anania alisoma tangazo la tatu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa zima liligeuka kumtazama mzee Lameki, maana habari zilishaenea. Idda alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Mzee alikaa ameinamisha kichwa, hakusema neno, na Anania akageuza ukurasa.