Ukuta wa Chumba cha Mama

Nyumba yetu ya shambani, chini ya milima ya Lutindi, aliijenga babu kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, baada ya kujifunza uashi misheni. Kuta zake ni za matabaka mawili, nene kiasi kwamba utotoni nilikuwa nikilala usingizi wa mchana dirishani. Juu ya kila dirisha kuna tao. Boriti za paa zimelalia tabaka la ndani, na babu alikuwa akitamba kwamba hata tembo akiegemea, nyumba haitikisiki. Nilimwamini.

Mwezi uliopita nilitoka Chanika, ninakoishi, kwenda kumpigia mama plasta chumbani, kwani siku hizi anaishi peke yake. Nikasogeza kabati. Tabaka la ndani halikuwepo! Kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu limebaki shimo, na boriti iliyo juu ya kitanda inashikiliwa na matofali machache tu.

"Mama! Nani kafanya haya?"

"Mimi," akajibu, akiendelea kuchambua maharage.

Kwetu kaburi hujengewa kwa matofali, na la mtu wa ukoo wetu hujengewa kwa matofali ya babu. Hilo nalijua. Nilidhani yanatoka kwenye lundo lililobaki karibu na tanuru. Kumbe lundo liliisha siku nyingi, na mama amekuwa akiyachokoa ukutani kwa nondo, msiba baada ya msiba: wa baba, wa shangazi, wa baba wadogo wawili. Nami nimeyabeba hadi makaburini nikisifia uimara wake! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu mama anayeuvuna ukuta.

Nikachungulia mvunguni, nikaona malundo mawili ya matofali yamefunikwa kanga.

"Haya yanarudi ukutani leo hii. Paa litakuangukia umelala!"

"Thubutu! Hilo la kulia ni langu."

"Na la kushoto?"

"Lako. Uko mbali, huna mtoto. Nikiondoka mimi, nani atakumbuka kukutolea ya kaburi lako?"

Nilikaa sakafuni. Mama akarudi kwenye maharage yake. Baadaye nikakoroga udongo, nikavuta lundo la kushoto, nikaanza kurudisha ukutani yale yangu.