Nilivyozifagia Nyasi za Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzifagia. Nyumbani kwetu Donholm uwanja ulikuwa vumbi tupu, na tangu utotoni kazi yangu ya asubuhi ilikuwa hiyo: kunyunyiza maji kwa mkono ili vumbi litulie, kisha kufagia. Mama alilelewa hivyo kwao magharibi, akatulea hivyo hapa. Basi nyasi alizoagiza Mama zilipoletwa, vipande vilivyokunjwa kama mikeka pamoja na udongo wake, nilivitandika mwenyewe kwa kufuata video za simu. Kesho yake nikaamka na kopo la maji na ufagio.

Ilikuwa Januari, jua la kuchoma, na maji ya mfereji yalikuja siku mbili tu kwa wiki. Mama alitaka mwisho wa mwezi akina mama wa kanisa waje kuomba wakiwa wamekaa kwenye nyasi zake. Sikutaka aone doa hata moja. Ncha zilipoanza kugeuka njano, nilipiga magoti nikazikata kwa makasi.

"Niaje, boss!" jirani wa ghorofani aliniita kutoka kwenye roshani. "Umefungua kinyozi?"

Nilicheka naye, nikaendelea kukata. Mama alipouliza, nilimwambia zinashika vizuri.

Wiki ya tatu alitoka na kikombe cha chai, akaona kona imeinuka. Akaishika kwa vidole viwili. Kipande kizima kikaja, kama anayetoa kitambaa mezani. Chini yake, vumbi. Vumbi kavu, lile lile la zamani. Sikuamini. Nikainua kingine, na kingine. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umeingia ardhini. Wiki tatu sikukosa siku, na nilikuwa nikilowesha majani tu, kisha nikivivuta vipande kwa ufagio kabla havijashika.

"Woi!" Mama akaniambia. "Ulikuwa unatunza vumbi, baba."

"Nilijua zinaharibika," nikasema. "Nilikuwa nakata."

"Unakata nini?"

"Ile njano. Ili usione."

Alinitazama mpaka nikainama.

Mwisho wa mwezi akina mama waliomba wakiwa kwenye viti vya plastiki. Nusu ya nyasi zilikufa.

Siku hizi maji yakija nalowesha sehemu moja mpaka udongo wa chini ushibe, nachomeka kidole kuhakikisha, ndipo nahamia nyingine. Na nikiona njano, namwita Mama siku hiyo hiyo.