Mafuta Yangu na Uso wa Mjukuu

Nyumba yangu hapa Kibiti imejengwa kwa mafuta ya nazi. Shule niliishia darasa la pili, lakini nazi nimekuna mwenyewe, tui nimelichemsha mwenyewe, na watu hutoka hata Mloka kuyafuata. Kwa hiyo mjukuu wangu alipowekwa ndani kusubiri harusi yake, nani mwingine angempaka?

Nikampaka usoni asubuhi na jioni. Chunusi zikaanza kumtoka. Kungwi wake naye akamsugua kwa singo, ule unga wa manukato wa kumsugulia bibi harusi, maana kwetu chunusi huhesabiwa uchafu. Zikazidi. Mashavu yakavimba, nyingine zikatunga usaha. Binti akajifunika khanga gubigubi.

"Bibi, mimi sitoki. Waambieni wakwe harusi haipo."

Nikamkokota mpaka zahanati. Muuguzi wa pale ni mtu wa bara, ana adabu lakini hazunguki.

"Shikamoo bibi. Ana nini?"

"Marahaba. Uchafu huo. Tumesugua mpaka ngozi inabanduka, na hautoki."

"Si uchafu, bibi. Bakteria wa chunusi wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata yako. Wengi hawana neno, wengine wanatulinda. Ila vitundu vya ngozi vikiziba, mafuta yakajaa ndani, wanazaliana humo na ngozi inavimba. Mkisugua ndiyo mnaijeruhi. Anapakwa nini?"

"Mafuta yangu."

"Basi usoni myaache."

Nilitaka kumtukana. Nikamwangalia mjukuu, analia ndani ya khanga. Nikasema, "Mafuta yangu ni mazuri, tusielewane vibaya. Uso wa huyu ndio hauyataki. Atapaka nywele."

Muuguzi akacheka. Akatupatia dawa ya kupaka, akasema aoshe uso taratibu kwa sabuni isiyo kali, na tusitegemee kupona kwa siku mbili.

Nyumbani kungwi akaja na bakuli lake la singo. Nikamwambia, "Shoga, mikono na miguu yake sugua utakavyo. Uso usiuguse." Akanuna. Na anune.

Siku ya harusi chunusi zilikuwepo, ila zimetulia. Shangazi wa bwana harusi akachungulia mlangoni, akapaza sauti:

"Jamani! Mbona bibi harusi wetu ana vipele?"

Nikafungua kinywa nimpe lake. Mjukuu akaniwahi, akauvua ushungi wote.

"Vinapona, shangazi. Kwani mmekuja kuoa mashavu?"

Wanawake wakapasuka kwa vigelegele, na huyo shangazi akacheka kuliko wote. Binti akatoka, uso wazi. Mimi nikamfuata nyuma.