Mwantumu Agomea Dripu ya Nne

Mwantumu ni mtoto wa dada yangu. Anakaa Narung'ombe, mimi nakaa Nachingwea mjini. Huku kwetu mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo alipokutwa na saratani ya titi, kikao cha ukoo nilikiendesha mimi, na nilikiendesha vizuri, waulizeni waliokuwepo. Majina ya dawa zote nimeyashika kichwani, ingawa shule niliishia la tano. La tano la zamani lakini, msilinganishe na la siku hizi.

Daktari aliandika dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, ndipo apasuliwe. Mimi nikaahidi kumpulizia dawa mikorosho yake.

Jamani, kumuuguza Mwantumu ni kazi! Dripu yenyewe nyekundu kama juisi ya choya. Ikishaingia anatapika siku mbili, mdomo unatoka vidonda, kila chakula kina ladha ya kutu. Nikamletea kijiko cha mti, kutu ikapungua. Akasema wazo ni la nesi. Sawa, la nesi, lakini kijiko kachonga nani? Ukimpa uji wa moto anataka wa baridi. Ukiupoza, unanuka. Nywele zilipoisha nikamwambia, "Sasa umekuwa babu yako mtupu." Akanirushia kandambili, na ikanipata.

Baada ya dripu ya tatu uvimbe ukasinyaa. Zilipobaki siku tatu kufikia ya nne, akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Begi umeshafunga?"

"Siendi. Nimepona."

"Kakupima nani?"

"Nimepapasa mwenyewe. Hakuna kitu."

Nikampigia nesi Lusiana wa kule hospitali. Akasema uvimbe kutoshikika haina maana kwamba umekwisha. Akiacha katikati unaweza kurudi, na safari hiyo dawa huenda isiuweze. Nikakodi pikipiki hadi Narung'ombe, nikamweleza yote. Nikaweka ukali wa mjomba, nikagonga meza. Yeye anachambua kunde tu.

"Mjomba, hiyo dawa haijaingia mwilini mwako. Mimi nimechoka. Twende ukanionyeshe mikorosho yangu."

Dawa yenyewe, salfa, nilipuliza raundi mbili. Ya tatu niliiruka, maana maua yalikuwa mazuri, na kupuliza kunataka uamke alfajiri.

Tulipofika shambani, ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeshaingia. Maua yamekuwa meupe kama yaliyomwagiwa unga. Akagusa tawi, yakapukutika.

"Umepuliza mara ngapi?"

"Mbili. Lakini mwanangu, nilipoangalia yalikuwa safi kabisa…"

"Uliangalia kwa nini, kwa macho? Huo ugonjwa unaonekana kwa macho siku ya kwanza? Mtu mzima na mvi zako! Raundi hairukwi hata maua yakiwa yanacheka! Unapuliza yakiwa safi hivyo hivyo!"

Alinisema kuanzia mkorosho wa kwanza hadi wa mwisho, mtu ambaye asubuhi alikwenda chooni kwa kushika ukuta. Alipotua kuvuta pumzi nikamuuliza, "Na wewe uvimbe uliuangalia kwa nini? Si kwa mkono?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta jiwe. Kisha akakaa chini.

"Mkorosho hautapiki, mjomba."

Nikasema, "Safari hii nitakushikia ndoo."

"Wewe? Si ulikimbia dripu ya kwanza?"

Kweli nilikimbia. Watu niliwaambia nimekwenda kutafuta vocha.

"Sitakimbia."

"Ukikimbia, ya tano siendi. Naapa."

Siku hizi nawaambia watu raundi ile niliiruka makusudi, ili imfunze. Mwantumu akinisikia anasonya.

Basi tukaenda hospitali. Damu ikapimwa ikatosha, dripu ya nne ikaingia, tukalala kwa ndugu. Kesho yake kwenye basi la kurudi, tulipokaribia Nanganga, akanishika mkono ghafla. Nikatoa ndoo. Miguu ilitaka kushuka basi likiwa linatembea, lakini nikashika. Ndani sikuangalia, nilikodolea macho dirishani, ila nilishika hadi mwisho.

Abiria wa mbele akageuka. Nikamwambia, "Hiyo ni ya nne hiyo. Bado mbili. Mimi ndiye mjomba wake."

"Mjomba," akasema Mwantumu kutoka ndani ya ndoo, "acha kuhubiri, shusha mkono. Unaniziba pua."