Kipimo cha Mguu wa Sajini

Mguu wa kushoto wa Sajini ulibaki vitani, lakini haukuacha kumwasha. Alfajiri, akiwa hajaamka sawasawa, aliusikia ukitembea peke yake katika umande, taratibu, bila kiatu. Akanyoosha mkono aukune, akakuta shuka.

Karakana ya hospitali ya jeshi iliwahi kumtengenezea mguu wa bandia. Ukatoka mrefu kupita kiasi, kwa upana wa vidole viwili. Alichechemea nao hadi kiuno kikamshinda, akarudia magongo yake. Sasa walikuwa wamemwita tena, kwa mara ya mwisho, kwani fungu kubwa la fedha za mwaka huo lilikwenda kununua malori, na kila majeruhi alibakiziwa mguu mmoja tu wa bandia. Sajini hakunung'unika. Lori, alimwambia mkewe, ndilo lililomtoa porini akiwa nusu mfu. Mkewe akamjibu kwamba lori lilimshusha mlangoni likaenda zake, na tangu hapo aliyembeba ni yeye mkewe.

Fundi wa viungo vya bandia, binti mpole mwenye unga wa plasta hadi kwenye nyusi, alimsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia.

"Simama kawaida, afande."

Afande akakakamaa: kifua mbele, kidevu juu, nyonga zimepanda kama za kuruta mbele ya jenerali. Fundi akapima, akafuta, akapima tena. Alipomwomba alegee, ndipo alipozidi kujikaza.

Mkewe, aliyeketi kwenye benchi, alicheka chinichini. "Binti yangu, ukimwita afande utapata nguzo. Na mguu ule wa kwanza walimpima hivi hivi."

Kisha akamgeukia mumewe na kumwuliza, kwa sauti ile ya jikoni, kama anakikumbuka chumba chao cha kwanza, kile cha bati bovu.

Sajini alitafakari. "Mvua ile tulihamisha kitanda mara ngapi, mama?"

"Mara tano. Mwisho tukalala chini ya meza."

Macho ya Sajini yakaenda mbali, kama anayesikiliza matone. Mabega yakashuka. Nyonga nazo zikatua polepole, moja baada ya nyingine, kama ndege wanaorudi tawini. Fundi akapiga magoti kimya, akapima, akatia alama kwa kalamu ya risasi.

"Mvua ilikuwa tamu ile," alisema Sajini.

"Kwako. Mimi ndiye niliyeshika beseni," alijibu mkewe, huku akimtazama fundi, ambaye tayari alikuwa anakunja utepe wake wa kupimia.