Kuni Ambazo Hakuna Aliyezigusa

Naandika haya Munuki, mtaa wa hapa Juba, ndani ya duka la mke wangu. Yeye amekwenda kanisani, mimi nimebaki na sabuni na sukari. Shule niliishia darasa la saba, huko Uganda, kwa hiyo nikieleza vibaya mahali, si kwa kutaka. Tulikuwa watu watatu katika safari ile na kila mmoja angeisimulia kivyake. Nitajaribu kutompunja mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa kiwanja. Nilikuwa nimepata kiwanja Lemon Gaba, pembeni mwa mji, kikubwa, na mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ameshatuambia kwamba kiangazi kikiisha anaitaka nyumba yake. Mimi nilitaka tujenge. Mke wangu hakutaka, na hakuniambia kwa nini. Mara alisema ni mbali na duka, mara maji hakuna, mara alinyamaza tu. Kila alivyonyamaza nilikisifu zaidi. Nilimwambia nyasi za pale zinanifika kifuani, hakuna aliyezikata. Kuna mti umeanguka ukakauka hapohapo, na hakuna jirani aliyechukua hata tawi. Nilisema majirani wa namna hiyo ni waaminifu. Nilisema pia nitatafuta vijana wafyeke. Aliniangalia, akaendelea kupima sukari.

Kaka yangu ndiye aliyetuita. Anafanya kazi kwenye hifadhi ya msitu kando ya ziwa, huko Uganda. Anafyeka njia za miguu na kutunza vibanda ambamo watembeaji wanalala. Unatembea mchana kutwa, jioni unafika kibanda, asubuhi unaendelea. Alisema tuwaache watoto kwa shangazi yao tukapumzike kidogo. Nilikubali haraka, kwa sababu nilidhani mke wangu akipumzika tutazungumza habari ya kiwanja hadi mwisho.

Munuki walitucheka. Dereva mmoja wa boda, ambaye namtengenezea pikipiki yake, aliniuliza tunakwenda kufuata nini msituni. Nikamwambia hatufuati kitu, tunatembea, tunalala, tunatembea tena.

"Ya zol, ndugu yangu," akasema, "hiyo sisi tulitembea wakati ya vita. Na hakuna mtu alituita."

Siku ya kwanza njia ilikuwa nzuri. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, likionekana vipande vipande katikati ya miti. Mahali pengine mizizi ilikuwa imevuka njia kama ngazi, na mahali pengine viboko walikuwa wamepita usiku wakaacha matope yaliyochimbika. Mbega walikaa juu wakitutazama bila kelele. Kaka alitangulia na panga lake, mke wangu katikati, mimi nyuma. Mke wangu anatembea vizuri kunishinda. Niliona tu kwamba anakanyaga palepale kaka alipokanyaga, nikadhani anakwepa matope.

Mchana tulikutana na wageni wanne wanatoka upande wa pili. Njia ni nyembamba, lazima mmoja apishe. Kaka alipisha, mimi nikapisha. Mke wangu alisimama katikati ya njia kama nguzo, akawasalimia kwa heshima, na wale wageni wote wanne wakaingia kwenye majani na mabegi yao ili wampite. Niliona aibu. Kaka aliniangalia, nikainama kufunga kamba za viatu.

Kibanda kilikuwa cha mbao, paa la bati, vitanda vya ghorofa ndani, na nje baraza lenye mafiga. Mke wangu alikiita tukul, ingawa tukul ya Juba ni ya duara na ya nyasi, na hiki kilikuwa na pembe nne. Ukutani kulikuwa na kuni zimepangwa hadi dirishani. Kaka alitueleza sheria: kuni unazozikuta ndizo unazoziacha. Ukichoma, kabla ya kuondoka unakusanya nyingine, kwa sababu anayekuja nyuma yako huenda akafika amelowa, na ziwa lile asubuhi linatoa baridi ya kuingia kwenye mifupa. Tulipika posho, ndio ugali wa huko, na maharage, tukalala vizuri.

Asubuhi tukaanza kukusanya. Mke wangu alisema atasaidia, akaanza kuokota kwenye njia. Aliokota vijiti na maganda, na tawi moja lililoangukia katikati. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, na mikononi alikuwa na kitu kama kiota cha ndege. Na pembeni, si mbali, ulilala mti mzima mkavu, matawi meupe, ya kuvunjwa kwa mkono.

Kaka alimwonyesha. "Shemeji, kuni iko hapa mingi. Hiyo yako ni ya kuchokoa meno."

Hakucheka. Alisema hizi zitatosha. Niliona kaka hakupenda, na nadhani alikuwa na haki. Kibanda kile ni dhamana yake, na mgeni akikosa kuni hatamuuliza shemeji.

Basi nikaingia mimi. Nilikuwa nimepiga hatua chache tu kwenye majani niliposikia sauti ya mke wangu, na haikuwa sauti ninayoijua. Haikuwa kubwa.

"Simama. Usigeuke. Rudi kinyumenyume, ukanyage palepale ulipokanyaga."

Nilirudi kinyumenyume. Sijui kama nilirudi kwa kuamini au kwa kutii tu. Nilijiona mjinga, mtu mzima anatafuta nyayo zake kwa kisigino, na kaka yangu mkubwa amesimama na panga anatazama.

Nilipofika kwenye njia, mke wangu alikaa kwenye ngazi ya kibanda akatueleza. Nilijua alikuwa mtoto ndani ya Juba wakati vita vimezunguka mji, kabla hawajakimbilia Uganda. Hili la kuni sikulijua. Alisema wanawake ndio waliotoka kwenda kutafuta kuni nje ya mji. Kuni za karibu ziliisha mapema, halafu za mbele yake zikaisha, lakini kulikuwa na sehemu ambazo haziishi.

"Ukiona kuni nzuri, kavu, na hakuna mtu amezigusa," alisema, "ujue kuna sababu hazikuguswa. Mama yangu mdogo alilijua hilo. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, akaharakisha."

Alivitazama vile vijiti alivyookota, akavisogeza kando ya ngazi.

Kaka aliweka panga chini. Alimweleza pole pole kwamba msitu huu haukuwahi kutegwa bomu, kwamba ameufyeka miaka mingi, kwamba miti inaoza hapa kwa sababu watu ni wachache, basi. Mke wangu alisema anajua, kichwa chake kinajua. Mimi nikadhani nasaidia, nikasema kama ni hivyo aingie kaka, yeye amezoea.

"Simtumi mtu mahali ambapo mimi siendi," akasema.

Kaka akasema hakuna aliyemtuma, hii ni kazi yake, na akaingia. Mke wangu aligeuka akalitazama ziwa hadi aliposikia mzigo umetua. Hapo ndipo alipomgeukia kaka, akamwangalia kuanzia miguu kwenda juu, kisha akamsaidia kupanga kuni ukutani. Alizipanga sawa kabisa, nyembamba juu, nene chini.

Tulitembea siku hiyo kwa mpangilio uleule, kaka mbele, mimi nyuma. Mimi nilikuwa nafikiria wale vijana ambao nilisema watakuja kufyeka, na zile nyasi za kifuani nilizozisifu, na ule mti wetu mkavu. Kila nilichokitaja kama sifa, yeye alikuwa amekisikia kama onyo. Lakini pia siwezi kusema nilikuwa nimekosa. Mzee wa mtaa alishaniambia wataalamu wa kuondoa mabomu walipita pale, na majirani wanalima hadi kwenye mpaka.

Kibanda cha pili kilikuwa karibu na maji zaidi, kwenye matete. Mke wangu aliomba tusiwashe moto. Tusipochoma kuni za watu, alisema, hatutalazimika kutafuta nyingine. Kaka alipinga. Alisema mtu hatembei mchana kutwa halafu akalala na tumbo baridi, na kwamba yeye mwenyewe ataingia tena kukusanya, hana shida. Hilo ndilo hasa mke wangu hakulitaka. Mwishoni tulikula karanga na mkate na maharage yaliyobaki, baridi, mvua ikipiga bati. Kaka alivaa sweta juu ya sweta akakaa nasi. Angeweza kwenda kuwasha moto wake, hakwenda.

"Nyinyi watu ya Juba," akasema, "mnakula kama wafungwa."

"Wafungwa wanapewa chumvi, shemeji," mke wangu akamjibu, kwa kuwa chumvi kaka ndiye aliyeisahau. Na hapo akacheka, mara ya kwanza tangu tuingie msituni, na kaka naye akacheka.

Siku ya mwisho kaka alitangulia mbali, nikadhani kwa makusudi. Nikamweleza mke wangu habari ya wale wataalamu na ya majirani wanaolima. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema anaamini.

"Lakini nitasimama mlangoni mchana kutwa nikiwaita watoto," akasema. "Hiyo ni nyumba gani? Nipe kiwanja, hata kadogo, mahali ambapo watoto wa watu wameshacheza."

Nilifikiri: na hao watoto wa watu, nani alikanyaga kwanza kwa ajili yao? Sikusema. Sijui kama kunyamaza kwangu kulikuwa busara au uvivu. Nikasema sawa.

Tuliporudi nilikibadilisha kile kiwanja na mtu mwenye ng'ombe, ambaye alikuwa na kiwanja kidogo hukohuko Lemon Gaba, kando ya barabara, katikati ya nyumba mbili. Mke wangu alitaka mtu yule aambiwe kila kitu kabla hajakubali. Nilimwambia. Alicheka, akasema amechunga pale tangu anaota ndevu. Amefyeka, amepanda mahindi, hakuna lililotokea. Nilipomweleza mke wangu alimshukuru Mungu, na alishukuru kweli. Kaka kwenye simu anasema nimetoa shamba nikachukua mkeka. Kwa ukubwa amesema kweli.

Tulijenga kabla ya mvua. Ardhi ya pale ni ngumu, imepigwa na miguu ya watoto waliokuwa wakicheza mpira, nao walitukasirikia kwa kuwachukulia uwanja. Sasa wanacheza ndani ya hosh, ua wetu, pamoja na watoto wetu. Wiki hii walivunja kioo cha jirani. Mke wangu alitoka jikoni na kandambili, mwiko mkononi, akakata hosh moja kwa moja hadi kwa yule aliyepiga mpira, macho yake kwa mtoto, chini hakutazama hata mara moja. Mimi nilikuwa nafunga mnyororo wa pikipiki ya mtu. Nikaendelea kufunga.