Mlinzi wa Kitufe Chekundu

Pale kwenye kiwanda cha unga walimwita Bwana Zima, kwa sababu kila alipopita alizima kitu: taa, feni, hata redio ya mlinzi wa getini. Alikuwa fundi umeme, si mtu wa maneno mengi, na jina hilo halikumkera mpaka meneja alipompa kazi ya kuchagua kitufe cha dharura.

Chini ya maghala ya mahindi kulikuwa na handaki la zege ambamo mkanda ulipita ukibeba punje. Punje zilimwagika, na lazima mtu aingie na beleshi kuzizoa, mkanda ukikimbia ubavuni mwake. Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na aliyemtafutia kazi ni yeye mwenyewe. Kamba ya kuvuta ili mkanda usimame ilikuwa imekatika zamani. Sasa meneja alitaka kitufe kisicho na waya, mtu akivae kifuani.

"Chagua wewe, fundi," alisema. "Ila mashine zisinisimamie ovyo."

Hapo ndipo alipobanwa. Muuzaji alileta vitufe vya aina mbili, vyote vimezibwa visipitishe vumbi wala kutoa cheche, maana vumbi la unga likishika moto hamna atakayebaki kusimulia. Cha kwanza kilikuwa kipole: mkanda hausimami mpaka mtu abonyeze. Cha pili kilikuwa na wivu: kikipotezana na mashine hata kidogo, mkanda unasimama wenyewe. Ofisini kile kipole kilifanya kazi vizuri, meneja akakipenda. Bwana Zima akashuka nacho handakini, akapita kona, akabonyeza. Mawimbi hayakupenya zege, mkanda ukaendelea kukimbia. Akabonyeza mpaka kidole kikauma.

Akachagua chenye wivu. Angefanyaje?

Basi ikawa balaa. Shemeji akifika konani tu, mawimbi yanakatika, mkanda unasimama, na kule juu watu wanakaa bure. Bwana Zima aliomba antena ya kufunga konani, akaambiwa asubiri. Wapakiaji waliolipwa kwa gunia wakaacha kumsalimia. Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia, kwani shemeji alikuja kumlalamikia dada yake kwamba anatukanwa kazini kwa sababu ya kidude cha mumewe.

"Si uwape wanachotaka?" mke alisema. Kabla hajajibiwa akaongeza, "Lakini ndugu yangu ulimpeleka wewe. Alitoka hapa mzima, nami namtaka mzima."

Bwana Zima akaenda kulala.

Halafu ikaja siku mkanda haukusimama asubuhi nzima. Meneja alimpiga bega akipita. "Umeona? Kumbe inawezekana." Wapakiaji wakamsalimia. Bwana Zima alifurahi, tena sana, mpaka chai ilipompalia: antena ilikuwa haijaletwa, sasa mkanda umeachaje kusimama? Akashuka mbio.

Mlangoni mwa handaki, kwenye msumari, kidude kilikuwa kimetundikwa, taa yake ya kijani, ya kuonyesha mawimbi yapo, ikiwaka vizuri kabisa. Ndani mkanda ulikuwa ukikimbia, na beleshi halikusikika.

Akabonyeza. Mkanda ukasimama.

"Shemeji," akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwa mkewe, atamwambia nini.

"Nani tena kazima?" Sauti ilitoka nyuma ya kona, imejaa vumbi na hasira. "Shemeji, ni wewe? Niache nimalize, bwana. Nikiingia nacho huku, watu wananichukia."

Bwana Zima akaegemea ukuta. Alitaka kumtukana. Akimshtaki kwa meneja, kijana atafukuzwa, na dada yake atauliza atakula nini. Akinyamaza na kwenda zake, kidude kitabaki msumarini na kijana peke yake na mkanda.

Akakitoa kidude msumarini, akaketi kwenye kizingiti.

"Endelea," akasema. "Ila nilisikie beleshi. Likinyamaza tu, nazima."

Akawaambia wa juu wawashe. Antena haijaletwa hadi leo. Kila mara handaki likizolewa, utamkuta Bwana Zima pale mlangoni, kidole juu ya kitufe chekundu, hasogei hata kwenda chooni. Ukimsalimia hakujibu, anasikiliza beleshi.